Wekeni wanasaikolojia ndani ya Kasapa: barua ya wazi kutoka Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mtunza Mihuri. Kwa Liwali wa Jimbo la Haut-Katanga. Kwa wakuu wa Gereza Kuu la Kasapa. Na kwa Rekta wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mwanasaikolojia, mama wa familia, mkazi wa Katuba. Kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kukaa na vijana waliotoka gerezani pamoja na ndugu zao. Nina ombi moja, nalitaja mapema lisije likapotea katikati ya maneno: wapeni wafungwa wa Kasapa wanasaikolojia walioajiriwa, wenye chumba chao na sauti katika maamuzi, watakaomfuata mtu tangu siku anayoingia hadi miezi kadhaa baada ya kurudi mtaani.

Najua ombi hili linakuja wakati mji umechoka. Katika komuni zetu za Katuba, Kenya na Ruashi watu wanajifungia ndani mapema, mama wauzaji wanaficha pesa kifuani wakipanda basi, na mwizi akikamatwa sauti za kwanza ni za kutaka petroli na tairi. Huko juu nako hasira imekuwa sera. Machi 2024 serikali ya Kongo iliamua kurudisha utekelezaji wa adhabu ya kifo, na mwanzoni mwa 2025 tuliona vijana wa magenge ya mtaani, wanaoitwa kuluna, wakisafirishwa hadi gereza la Angenga, mbali kaskazini-magharibi mwa nchi. Simlaumu mtu anayeogopa. Nimewapokea nyumbani kwangu wamama walioporwa, nikaona mikono yao inavyotetemeka wakishika kikombe. Ninaandika kwa ajili yao pia, kwa sababu yule aliyewaumiza, mara nyingi sana, atatoka. Kifungo cha miaka miwili kinaisha, cha miaka mitano nacho kinaisha. Usalama wa mtaa unategemea atatoka akiwa mtu wa namna gani, na mpaka leo hilo hatujalifanya kuwa kazi ya mtu yeyote.

Tuitazame Kasapa yenyewe. Ilijengwa 1958 kwa watu 800. Mwaka 2020 ilikuwa na karibu 2,000. Septemba 2011 watu wenye silaha waliivamia, akatoroka kiongozi wa wanamgambo Gédéon Kyungu Mutanga, aliyekuwa amehukumiwa kifo mwaka 2009 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na mamia ya wengine wakatoka pamoja naye. Kisha zikaja siku ambazo sisi wanawake wa Lubumbashi hatuwezi kuzisahau, kuanzia tarehe 25 Septemba 2020. Wafungwa walifanya ghasia, wakachoma majengo, wakaingia upande wa wanawake, na kwa siku tatu wakawabaka makumi ya wafungwa wenzao, pamoja na msichana ambaye hajafikia utu uzima. Mwaka 2024 tukasikia ya gereza la Makala, Kinshasa: usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba walikufa watu wasiopungua 129 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na huko nako wanawake walibakwa.

Baada ya kila janga tunasikia habari za milango, kuta, askari na uhamisho. Vyote vina nafasi yake. Lakini wale waliofanya unyama ule wa siku tatu hawakuzaliwa asubuhi ya tarehe 25. Waliishi mle miaka, ukatili wao ukikua mbele ya macho ya watu, katika msongamano ambamo mkate, maji na mahali pa kulaza ubavu hugawiwa na mwenye nguvu. Hakuna aliyekuwa na kazi ya kusema: huyu ni hatari, huyu anazidi kuharibika, huyu asilazwe na hawa. Na wanawake wale walihitaji mtu aliyefunzwa wa kukaa nao wiki hata miezi. Mfungwa aliyebakwa ni mgonjwa wa kutibiwa sawa na mwanamke yeyote wa nje, na Katiba yetu ya 18 Februari 2006 haikuacha shaka hapo. Ibara ya 18 inataka kila aliyezuiliwa atendewe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake ya mwili na ya akili, na heshima yake. Afya ya akili imeandikwa kwa jina. Tunaomba lile lililokwisha kuandikwa.

Watu wengi, hata wakubwa, wanadhani kazi ya mwanasaikolojia ni kumbembeleza mhalifu, kumsikiliza akilia, kumtafutia visingizio. Niruhusuni nieleze inavyofanyika kweli.

Kijana mmoja wa komuni ya Kenya, niliyemfuata baada ya kifungo chake, alikuwa amemchana mtu uso kwa chupa kwenye nyumba ya kuuzia lutuku, pombe kali ya kienyeji. Kila alipoulizwa, polisi, mahakamani, nyumbani, alijibu sentensi ileile: alinitusi, nikamkata. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa, tukaifungua sentensi ile polepole. Siku hiyo ulikuwa umekula? Hapana, tangu jana yake. Nani walikuwepo? Marafiki wawili waliozoea kumwita mtoto wa mama. Yule mtu alisema nini hasa? Alisema, “Songea kule.” Basi? Basi. Kichwani likakupita neno gani? Hapo alinyamaza sana, akitazama vidole vyake. Halafu akasema: “Ananiona mimi takataka.” Na mwili? Masikio yalikuwa moto, meno yamekazana. Marafiki walikuwa wanatazama wapi? Walikuwa wananitazama mimi.

Angalieni kilichojitokeza. Kati ya “songea kule” na chupa kulikuwa na sekunde chache, na katika sekunde hizo kulikuwa na njaa, pombe, macho ya marafiki, na wazo moja ambalo kijana alilichukua kuwa ukweli bila kulikagua. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kufanyiwa kazi. Tulifanya mazoezi. Vijana wenzake walimwambia “songea kule” kwa makusudi, tena na tena, naye akajifunza kuutambua ule moto wa masikio kabla haujafika mkononi, kurudi hatua moja nyuma, kumpa mtu jibu lisilomwaga damu wala kumvunjia yeye heshima mbele ya wenzake. Ni kazi ngumu kuliko kukaa selo, kwa sababu selo haimdai mtu chochote. Huku alidaiwa aseme alichokifanya bila kujificha nyuma ya tusi la mwingine.

Elimu hii ina misingi yake. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Canada, Andrews, Bonta na Hoge, waliweka kanuni ambazo magereza mengi duniani yanazifuata hadi sasa. Kwanza, nguvu ya msaada ilingane na hatari ya mtu: aliye karibu kurudia kosa kubwa apewe kazi nzito, na yule wa hatari ndogo asilundikwe na wakali, maana atatoka ameharibika zaidi. Pili, shughulikia yale yanayozaa uhalifu wenyewe, yaani mawazo yanayohalalisha ukatili, kampani mbaya, ulevi na bangi, familia iliyovunjika, kukosa shule na kazi. Tatu, fundisha kwa namna ambayo mtu huyu anaweza kupokea. Asiyejua kusoma usimpe karatasi. Gereza linalowatendea wote sawasawa ni kama zahanati inayompa kila mgonjwa kwinini, mwenye malaria na aliyevunjika mguu.

Kanuni ya kwanza hapa kwetu inavunjwa kila siku. Wengi wa waliomo katika magereza ya Kongo hawajahukumiwa, wanangojea faili. Kijana aliyekamatwa akichimba kwa mkono ndani ya eneo la kampuni ya madini, mwenye mfuko mmoja wa mawe yenye kobalti begani, analala pamoja na mtu aliyeua. Huyo mchimbaji hahitaji tiba kubwa. Anahitaji kusikilizwa haraka na hakimu na kutenganishwa na wale watakaomfundisha kazi nyingine. Mwanasaikolojia aliyeko kwenye mapokezi, akiwa na saa moja na fomu nzuri, anaweza kuliona hilo siku ya kwanza.

Nimesikia pingamizi kwamba mambo haya ni ya Wazungu. Basi twendeni Monrovia, Liberia, nchi iliyotoka vitani kama yetu. Wanaume 999 waliokuwa wakiishi kwa wizi, bangi na ugomvi waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine wakapata mafunzo ya kisaikolojia ya majuma manane, wengine dola 200, wengine vyote viwili, wengine hawakupata kitu. Waliofundisha hawakuwa madaktari wenye koti jeupe. Wengi walikuwa watu waliopitia maisha hayohayo wakabadilika. Walifundisha kuzuia hasira, kupanga kesho, kujiona upya. Washiriki walipewa kazi za kufanya mjini: kunyoa nywele, kuvaa safi, kuingia benki au duka kubwa na kuuliza bei, ili waone kwamba mlinzi hawafukuzi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Pesa peke yake ilipotea upesi. Mafunzo peke yake yalisaidia, yakafifia. Waliopata vyote viwili waliacha uhalifu kwa kiasi kikubwa, na walipotafutwa tena miaka 10 baadaye, wizi na ukatili kati yao ulikuwa takriban nusu ya wale wasiopata kitu. Gharama ilikuwa kama dola 530 kwa mtu mmoja. Mji unaopakia kobalti na shaba usiku na mchana hauwezi kusema kiasi hicho kimetushinda.

Tena tunaye shahidi wa nyumbani. Goma, watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani pamoja na washauri Wakongomani waliwatibu wapiganaji walioacha silaha. Mtu analaza kamba chini, kamba hiyo ni maisha yake tangu kuzaliwa. Anaweka ua pale palipokuwa na furaha, jiwe pale alipoumizwa, na kijiti pale yeye mwenyewe alipoumiza mwingine. Halafu anasimulia, jiwe kwa jiwe, kijiti kwa kijiti, na msikilizaji hamwachi aruke. Utafiti huo uliangalia jambo ambalo wengi wetu tunaona haya kulitaja: kuna ukatili unaotoka kwenye hofu, na kuna ukatili ambao mtu amejifunza kuufurahia. Wa kwanza anaota ndoto mbaya na kurusha ngumi akiguswa ghafla. Wa pili anapata raha anapoona damu. Tiba zao zinatofautiana, na mlinzi wa gereza, hata awe na moyo mwema namna gani, hawezi kuwapambanua kwa kuwatazama uani. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha dalili za majeraha ya akili zikipungua kwa waliotibiwa, na baadaye washauri wa hapohapo waliofunzwa waliweza kuiendesha tiba hiyo. Kwa hiyo ujuzi huo umeshafundishwa kwa Wakongomani.

Sisemi saikolojia inamponya kila mtu. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Martinson aliandika makala iliyowafanya wengi waamini kwamba hakuna kinachofanya kazi gerezani, na miaka mitano baadaye mwenyewe akarudi nyuma na kukiri kwamba programu nyingine zinasaidia. Tangu hapo hesabu zimefanyika kwa makini. Landenberger na Lipsey walipokusanya tafiti 58 mwaka 2005, walikuta mafunzo ya kubadili fikra na mwenendo yanapunguza kurudia kosa kwa wastani wa robo moja, na yaliyofundisha kuzuia hasira na kutatua ugomvi ndiyo yaliyokuwa na nguvu zaidi. Robo moja ya wanaorudia kosa baada ya kutoka Kasapa ni milango mingapi ya Katuba isiyovunjwa? Kinyume chake, programu za kuwapeleka vijana gerezani ili watishwe na wafungwa sugu, zilizopata umaarufu Marekani miaka ya 1970, zilipopimwa zilionekana kuongeza makosa. Kitisho kinampendeza anayetisha. Kijana wa mtaani ameshatishwa tangu utotoni, amezoea.

Neno kwa wachungaji, mapadre na masista wanaoingia gerezani kila juma: Mungu awabariki. Bila chakula mnachopeleka wengi wangekuwa makaburini, maana vungule, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe wa gerezani, peke yake haimlindi mtu na njaa. Toba mnayoihubiri na kazi ninayoiomba zinakwenda pamoja. Lakini nimewaona vijana waliookoka kwa machozi ya kweli, wakatoka, na wiki ya tatu wakarudi kwenye chupa kwa sababu hakuna aliyewafundisha wafanye nini rafiki wa zamani anapogonga dirisha saa mbili usiku.

Kuna pia wagonjwa wa akili wenyewe, wanaosikia sauti, wanaoongea na ukuta, waliokamatwa kwa kosa ambalo hata hawalikumbuki. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 109 kwamba watu wa namna hiyo hawapaswi kuwekwa gerezani, wapelekwe kwenye tiba haraka iwezekanavyo. Kanuni ya 78 inataka wafanyakazi wa gereza wawe pamoja na wanasaikolojia, wataalamu wa magonjwa ya akili, wahudumu wa jamii na walimu. Mjini kwetu kuna Kituo cha Joseph Guislain cha Mabruda wa Huruma, kinachotibu magonjwa ya akili. Njia kati ya gereza na kituo hicho inahitaji karatasi, gari na mtu wa kutambua mgonjwa. Hiyo ni kazi ya siku chache kwa ofisi zenu zikitaka.

Bwana Liwali, kwako naongeza habari ya watoto. Sheria ya 10 Januari 2009 inamkinga kabisa mtoto aliye chini ya miaka 14 na mashtaka ya jinai, na kwa aliyezidi hapo inaweka mahakama ya watoto. Mtoto aliyelala Kamalondo chini ya vibanda tangu ana miaka minane, akikamatwa ana miaka kumi na tano, ameshajifunza kwamba mtu mzima ni mtu wa kukimbiwa. Ukimchapa unamthibitishia. Kwake miezi ya kwanza yote inaweza kwisha katika kazi ya kumfanya aamini kwamba mtu mmoja atarudi kesho kama alivyoahidi, na mtu huyo lazima awe analipwa ili aweze kurudi kweli.

Rekta wetu, chuo chako na gereza viko upande mmoja wa mji, vyote Kasapa. Una kitivo cha saikolojia na sayansi ya elimu. Wanafunzi wake wanamaliza, wanatetea kazi zao, wanapigwa picha na shada la maua, kisha wanauza vocha za simu. Wapeni wa mwaka wa mwisho mazoezi ya gerezani, wakisimamiwa na mwalimu mzoefu kila juma, kwa makundi madogo, wasiachwe peke yao kamwe, kwa usalama wao na kwa ubora wa kazi. Hata hivyo nawasihi msifanye wanafunzi kuwa njia ya kukwepa kuajiri. Mwanafunzi anaondoka mwisho wa mwaka, na mfungwa ambaye amezoea kuachwa anaachwa tena.

Mheshimiwa Waziri, mkononi mwako kuna kufunguliwa kwa masharti. Sheria yetu ya jinai inaruhusu aliyetumikia robo ya kifungo chake, ikiwa ameshakaa ndani zaidi ya miezi mitatu, aachiliwe mapema kwa uamuzi wako. Leo nini kinaonyesha kwamba mtu yuko tayari? Barua nzuri, ndugu wenye uwezo wa kufuatilia. Ingekuwa haki, na salama zaidi, uwe na ripoti mbele yako ya mwanasaikolojia aliyemjua mtu huyo kwa miezi: anatambua kosa lake? Ana nani nje? Ameacha kunywa? Familia ya yule ambaye yeye alimuumiza inaishi barabara ileile? Wanawake ninaowaona hawaulizi mambo makubwa. Wanataka kujua siku gani aliyewaumiza atatoka, na kama kuna mtu wa kumpigia simu akianza kupita mbele ya nyumba yao.

Kuanza hakuhitaji fedha za mwujiza. Anzeni na chumba cha mapokezi na upande wa wanawake. Wekeni wanasaikolojia wanne wa kudumu Kasapa, wawili wakiwa wanawake, na mmoja wao awe na kazi ya kufuatilia wanaotoka katika komuni zao. Wafunzeni walinzi kutambua dalili za mtu anayetaka kujiua na za ugomvi unaojikusanya, na walipwe kwa wakati, maana mlinzi mwenye njaa hawezi kuwa mwalimu wa utulivu. Nguvu waliyoachiwa wafungwa vinara ya kugawa mahali pa kulala irudishwe mikononi mwa utawala.

Tunaomba ofisi zenu nne zikutane kabla bajeti ya jimbo ya mwaka ujao haijapelekwa mbele ya wabunge. Mimi na wenzangu tutakuja na maelezo ya kila kazi, majina ya wasimamizi walio tayari, na ratiba ya miezi sita ya kwanza. Tunaomba jibu kwa maandishi, likiwa na tarehe ya kikao.

Kwa heshima,

Mwanasaikolojia wa Katuba, Lubumbashi